Gunia, pesa ya simu au kipimo cha setilaiti: msaada wa ukame upite njia gani usigeuzwe kura?

Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023, mvua ilikosa misimu mitano mfululizo kaskazini na mashariki mwa Kenya. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia zaidi ya milioni mbili walikufa. Kufikia mapema 2023, watu zaidi ya milioni nne walikuwa wakihitaji chakula cha msaada. Katikati ya kiangazi hicho ukaja uchaguzi wa Agosti 2022. Malori ya mahindi na malori ya kampeni yakawa yanapita barabara moja, na kuna siku mwananchi hakuweza kuyatofautisha.

Nawaandikia watu wanaoulizwa maoni msaada unapokaribia: wajumbe wa kamati za vijiji, wanaharakati wa kaunti, vijana wanaoshika daftari siku ya ugavi, na wale walio Nairobi, Mombasa, Doha au Minneapolis wanaochangishana kwa ajili ya watu wa nyumbani. Mara nyingi ninyi ndio mnaoambiwa, "Semeni tulete chakula au tutume pesa?" Jibu hutolewa haraka kwa sababu njaa haingoji, na baadaye watu hushangaa kwa nini kijiji hiki kimepata mara tatu na kile cha ng'ambo ya lugga, ule mto mkavu, hakijaona hata debe moja.

Kila njia ya kufikisha msaada ina mlango wake ambao upendeleo huupitia. Nitazipima kwa mambo manne: nani anaamua kwamba hapa pana maafa na pale hapana, nani anaandika orodha, msaada unafika lini, na ukishafika, mwananchi anamshukuru nani. Hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini kwa maoni yangu ndilo linaloyaendesha mengine matatu.

Gunia

Hii ndiyo njia kongwe na ndiyo niliyoiona kwa karibu zaidi. Mahindi hutoka ghala la Halmashauri ya Nafaka na Mazao kwa kibali cha serikali kuu. Hukabidhiwa ofisi ya kamishna wa kaunti, yakaenda kwa naibu kamishna, yakashuka kwa chifu, kwa naibu wa chifu, hadi kwa mzee wa kijiji. Maharagwe na mafuta ya kupikia hufuata nyayo hizo hizo.

Kwenye karatasi mwanasiasa hayumo popote. Yeye huingilia kwenye lori. Ghala liko makao makuu ya kaunti, kijiji kiko mbali, barabara ni mchanga mtupu, na mara nyingi ofisi ya chifu haina pesa ya dizeli. Mbunge au mwakilishi wadi anajitolea gari. Sikatai kwamba anafanya jambo la maana, maana bila gari hilo mahindi yangelala ghalani mpaka wadudu wayaingie. Lakini gari likishakuwa lake, ratiba ni yake, kituo cha kwanza anakitaja yeye, na bango lililofungwa ubavuni lina picha yake. Mahindi yaliyonunuliwa kwa kodi ya kila mtu yanafika kijijini yakiwa yamevaa sura ya mtu mmoja.

Niliwahi kusimama kwenye ugavi wa namna hiyo. Watu walikuwa wamefika tangu alfajiri. Magunia yalipangwa chini ya mgunga na hakuna aliyethubutu kufungua hata moja, kwa sababu mheshimiwa alikuwa njiani. Alifika jua la utosi. Zikatolewa hotuba, akapigiwa makofi, akapiga picha na wazee, akaondoka. Ndipo naibu wa chifu akaanza kusoma majina huku kijana akipima kwa gorogoro, kopo la kupimia nafaka. Ikafika zamu ya mama mmoja wa makamo.

"Mama, jina lako halimo."

"Tazama tena, mwanangu. Mzee wa kijiji aliniandika mbele ya macho yangu."

"Orodha imerudi kutoka ofisini hivi ilivyo, mama. Mimi nasoma tu."

Hakugomba. Alisogea kando akasimama na kikapu chake, na wale waliokwisha kupimiwa wakawa wanapita wakimmegea, huyu viganja viwili, yule kikombe. Waliokuwa karibu nami walisema sababu waziwazi: mwanawe alikuwa akimpigia debe mgombea mwingine. Sikuwa na namna ya kuthibitisha, ila hakuna hata mmoja pale aliyelishangaa jambo lenyewe, na hilo ndilo lililonikaa moyoni.

Kisa hicho kinaonyesha pia uzuri wa gunia, ambao wataalamu wa mjini huusahau. Gunia huonekana. Yanaposhushwa, watu huhesabu. Karatasi ikisema 120 na yakashuka 90, hata mtoto anajua kuna 30 yaliyopotelea njiani. Na kwa kuwa kila mtu ameona nani kapata nini, majirani husawazisha. Katika jamii nyingi za wafugaji chakula cha msaada hugawanywa upya nyumba kwa nyumba, orodha iwe imesema nini. Gunia lina kazi pia pale duka limebaki na rafu tupu, au mto umekata barabara na hakuna mfanyabiashara anayefika. Huko shilingi haipikiki.

Kwa vipimo vyangu vinne, hata hivyo, gunia linafeli vibaya. Uamuzi wa wapi pana maafa ni wa watu waliokaa ofisini. Orodha inapita mikononi mwa watu wanne au watano, na yeyote kati yao anaweza kuipunguza. Msaada huchelewa, na huchelewa zaidi pale kuchelewa kunapomfaa mtu. Shukrani nayo huenda kwa aliyesimama juu ya lori. Waswahili husema mkono mtupu haulambwi, na mgombea analijua hilo kuliko mtu yeyote. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inakataza mali ya umma kutumika kwenye kampeni. Lakini ni nani atakayesimama mbele ya watu wenye njaa aseme gunia hilo lirudishwe kwa kuwa ni ushahidi?

Gunia lina ndugu wawili wanaostahili kuchungwa zaidi yake: boza la maji na ununuzi wa mifugo iliyodhoofu. Boza halina hata orodha. Dereva anaambiwa asimame tangi lipi, basi. Kandarasi ya kusambaza maji ni biashara ya mtu, na kijiji kilichokosana na mtu huyo hujikuta mwisho wa mstari. Ununuzi wa mifugo ni wazo jema sana, kwamba serikali imnunulie mfugaji mnyama kabla hajafa ili apate chochote. Lakini idadi ya wanyama huwa na kikomo, na habari za siku ya mnada huwafikia kwanza walio karibu na ofisi. Mwenye mbuzi sita huko bondeni hufika jioni akakuta mizani imekwisha kufungwa.

Pesa ya simu

Watu wengi waliochoshwa na malori huniambia jibu ni M-Pesa. Nawaelewa. Pesa haihitaji dizeli, haina mahali pa kufunga bango, na hakuna mtu anayeweza kuchota gorogoro mbili za ujumbe mfupi njiani. Mama anapokea moja kwa moja na kuamua mwenyewe: unga, dawa ya mtoto, maji, au majani ya kumwokoa mbuzi mmoja mwenye maziwa. Utu wake unabaki palepale. Hapangwi juani kumngoja mtu.

Lakini simu haichagui watu. Majina huwa yamekwisha kuchaguliwa kabla simu haijalia. Jaribio kubwa lililotufundisha hili halikuwa la ukame. Mwaka 2020, korona ilipofunga kazi za vibarua Nairobi, serikali ilituma kwa simu shilingi 1,000 kwa wiki kwa familia za mitaa ya mabanda. Human Rights Watch, shirika la kutetea haki za binadamu, ililichunguza zoezi hilo. Ripoti yake ya 2021 ilieleza kwamba familia nyingi zenye shida hazikupata chochote, kwamba watu hawakuelezwa wanateuliwa kwa kigezo gani, na kwamba waliopewa kazi ya kuteua majina mtaani walilaumiwa kwa kuwaandika ndugu na marafiki zao. Teknolojia ilikuwa mpya na daftari lilikuwa lile la zamani.

Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 yalituletea swali hilo kwa sura nyingine. Watu karibu 300 walifariki nchini, wakiwemo wale wa Mai Mahiu, Kaunti ya Nakuru, waliozolewa na maji usiku wa kuamkia Aprili 29. Mwezi Mei Rais William Ruto alikwenda Mathare, mtaa wa mabanda wa Nairobi, akaahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyobomolewa nyumba na kuhamishwa kandokando ya mto. Kiasi kilitajwa hadharani, na hilo ni jema. Kigumu kilikuwa pengine: familia inayohesabiwa ni ya mpangaji au ya mwenye nyumba? Nani anathibitisha kwamba uliishi pale siku tingatinga lilipofika, nawe umebaki na nguo za mwilini bila hata kitambulisho? Anayelijibu swali hilo ndiye mwenye mamlaka, hata kama hajaigusa shilingi yenyewe.

Kuna jambo jingine kuhusu pesa ya simu ambalo sijalisikia likisemwa vya kutosha. Ujumbe wa simu hauonekani na jirani. Siku ya gunia, kijiji kizima kilimwona mama yule akikosa, na kijiji kikamfidia. Siku ya pesa, simu ishirini hulia usiku katika kijiji cha nyumba mia moja, na asubuhi hakuna anayejua nani kapata na nani kakosa. Upendeleo uliokuwa ukifanyika mchana unapata kivuli. Kwa hiyo anayechagua pesa ya simu achague pia, siku hiyo hiyo, namna ya kuyasoma majina hadharani. Bila hivyo amemrahisishia kazi mwenye kupendelea.

Kuna na mambo ya vitendo. Laini ya simu mara nyingi imesajiliwa kwa jina la mume au la mtoto aliye mjini. Wakala wa karibu yuko mwendo wa nusu siku, na akiwepo hana pesa taslimu. Bei ya unga nayo hupanda wiki ile ile pesa inapoingia, kama kuna duka moja tu. Kabla ya kuamua, nenda dukani ukaangalie rafu na umuulize mwenye duka lori lake la bidhaa linafika mara ngapi kwa mwezi. Ziara hiyo fupi itakueleza mengi kuliko mkutano wa siku nzima.

Kipimo cha setilaiti na daftari lililoandikwa mapema

Njia hii watu hawaijui sana, na ndiyo ninayoipigia debe bila kusita. Tangu 2008 umekuwepo mpango wa HSNP, wa kuzikinga familia maskini na njaa kwa kuzipa pesa, ulioanzia Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera kwa fedha za Uingereza, na serikali ya Kenya ikachukua sehemu kubwa zaidi ya mzigo kadiri miaka ilivyokwenda. Unasimamiwa na NDMA, Mamlaka ya Taifa ya Kudhibiti Ukame. Katika awamu ya pili, iliyoanza 2013, familia karibu 100,000 maskini zaidi zilikuwa zikilipwa shilingi 5,400 kila baada ya miezi miwili kupitia akaunti ya benki, mvua inyeshe isinyeshe. Lakini uandikishaji haukuishia kwa hizo 100,000. Familia nyingine nyingi za kaunti hizo ziliandikwa pia na kufunguliwa akaunti, ili ukame ukija nazo ziingizwe haraka.

Zinaingizwa na nani? Hapo ndipo uzuri wenyewe ulipo. Setilaiti hupima ukijani wa majani katika kila kaunti ndogo na kuulinganisha na ule wa miaka iliyopita. Wastani wa miezi mitatu ukishuka chini ya 20 katika kipimo cha 0 hadi 100, huo ni ukame mkali. Chini ya 10, umekithiri. Kiwango kikiguswa, malipo ya dharura yanaruhusiwa kwa familia za ziada katika eneo hilo, na kikishuka zaidi idadi ya wanaolipwa huongezeka. Malipo ya namna hiyo yalianza 2015. Hakuna mbunge anayeweza kuipigia setilaiti simu usiku. Kaunti ndogo iliyopigia upinzani kura na ile iliyopigia serikali hupimwa kwa jicho moja.

Linganisha na mtindo wa kawaida. Septemba 8, 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Tangazo lilihitajika na lilifungua mifuko. Lakini tangazo ni uamuzi wa mtu, na uamuzi wa mtu huombewa, hucheleweshwa, hubembelezwa. Kufikia siku ile wafugaji walikuwa wamekwisha kuanza kuzika mifugo.

Wazo hilo hilo liliendelea kwenye bima ya mifugo. Oktoba 2015 serikali ilizindua mpango wa bima Turkana na Wajir, ikawalipia wafugaji ada kwa idadi ndogo ya mifugo yao. Malipo yalifuata kipimo cha malisho cha setilaiti na yalikusudiwa kumfikia mfugaji mapema ili anunue majani na maji, ng'ombe akiwa bado amesimama. Hakuna afisa anayetumwa kuhesabu mizoga, kwa hiyo hakuna afisa wa kupewa chochote ili ahesabu vizuri.

Kama njia hii ni nzuri hivyo, kwa nini haijaenea kila mahali? Jibu langu ni lile jambo la nne: hakuna anayeshukuriwa. Wasomi wawili wa Marekani, Andrew Healy na Neil Malhotra, walichapisha mwaka 2009 utafiti juu ya kura na maafa nchini mwao. Waligundua kwamba wapiga kura hukizawadia chama cha rais kwa pesa za msaada zinazotolewa baada ya janga, ila hawakizawadii kwa pesa zinazotumika kujikinga nalo kabla. Nilipousoma nilifikiria kaunti zetu. Pesa iliyoingia benki kimya Februari, kabla mnyama hajafa, haina picha ya kupigwa. Lori la Julai linayo.

Kasoro zake nazo zisemwe, maana anayechagua ana haki ya kuzijua. Setilaiti huona kijani bila kuuliza kijani hicho kinaliwa na nani. Kichaka cha mathenge, mti wa kigeni ambao mifugo haipendi majani yake, husimama kijani kiangazi chote, na mfugaji wa Tana River au Baringo atakuambia mathenge imemfanyia nini mbuzi wake meno. Daftari nalo huzeeka. Msichana aliyekuwa na miaka kumi na minne wakati wa kuandikishwa leo ni mama wa watoto watatu, na kwenye daftari bado anahesabiwa chini ya baba yake. Hazina ya taifa inaweza kuchelewesha pesa hata setilaiti ikipiga kelele. Tena mpango wenyewe wa HSNP ulianza na kaunti nne, baadaye ukapanuliwa kuingia Garissa, Isiolo, Samburu na Tana River. Nenda Ganze kule Kilifi, au Kinango kule Kwale, uone kama kiangazi cha huko ni chepesi. Mipaka ya mpango iliwekwa na watu, na mipaka ni mahali pengine pa kupendelea. Kenya ina kaunti 23 zinazohesabiwa kuwa kame na nusu kame. Zilizobaki nje zina haki ya kudai.

Michango na wahisani

Hapa sitakaa sana. Julai 2011 kampeni ya Kenyans for Kenya, iliyowakutanisha Msalaba Mwekundu, Safaricom, benki ya KCB na vyombo vya habari, ililenga kukusanya shilingi milioni 500 na ikapita lengo. Watu walituma shilingi kumikumi kwa simu. Msalaba Mwekundu, misikiti na makanisa yana faida moja kubwa, kwamba hayaombi kura. Lakini muulize mratibu wao majina ameyapata wapi. Mara nyingi atakujibu, kwa chifu. Basi umerudi palepale, tofauti ni rangi ya fulana tu.

Kwa wanaochanga kupitia akaunti ya kamati ya serikali, mfano wa kukumbuka ni wa jirani zetu. Septemba 10, 2016 tetemeko la ardhi liliipiga Kagera, Tanzania, likaua watu wasiopungua 17 na kubomoa nyumba nyingi za Bukoba na vijiji vya jirani. Michango ikamiminika. Mwezi huo huo Rais John Magufuli alitengua uteuzi wa katibu tawala wa mkoa na mkurugenzi wa manispaa ya Bukoba, kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na la akaunti rasmi ya maafa. Januari 2017 alikwenda Bukoba na kuwaambia wananchi kwamba serikali haitawajengea kila mmoja nyumba. Fedha zilielekezwa kwenye shule, zahanati na miundombinu mingine ya umma. Unaweza kuutetea uamuzi huo, maana shule ni ya watoto wote bila kuuliza chama cha mzazi, na huo ni ulinzi mzuri dhidi ya upendeleo. Lakini aliyechanga akiwaza paa la mjane, na mjane aliyekuwa akilingoja paa hilo, walipaswa kuelezwa tangu siku ya kwanza. Kabla hujatuma senti, uliza pesa itanunua nini, nayo iandikwe.

Daftari

Umeona mwenyewe kwamba njia zote zinakutana kwenye daftari. Kama nguvu zako zinatosha kupigania jambo moja tu, usizimalizie kwenye ubishi wa chakula au pesa. Pigania orodha.

Orodha iliyoandikwa wakati wa mvua ni bora kuliko iliyoandikwa wakati wa njaa, kwa sababu wakati wa mvua hakuna anayejua nani atakuwa mgombea na nani atakuwa mpinzani. Isomwe barazani kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, na baada ya kusomwa watu waulizwe maswali mawili: nani ametajwa asiyestahili, na nani ameachwa. Swali la pili ndilo gumu. Wanaoachwa huwa hawapo barazani: mjane anayechunga peke yake, ukoo mdogo usio na mzee kwenye kamati, familia iliyohamia mwaka juzi, mlemavu asiye na wa kumleta. Mtu atumwe kwao. Kisha orodha ibandikwe ukutani kwa chifu, dukani na msikitini au kanisani, na malalamiko yapelekwe kwa mtu mwingine kabisa, mbali na yule aliyeiandika.

Siku hizi ofisi kadhaa hukataa kubandika majina zikisema Sheria ya Kulinda Data ya 2019 hairuhusu. Faragha ni jambo la kweli na sitaki namba za vitambulisho na za simu za watu zitandazwe ukutani. Jina na kijiji vinatosha, na wenyewe waombwe ridhaa wanapoandikwa. Ninachokataa ni sheria iliyowekwa kumlinda mnyonge kugeuzwa pazia la kumficha aliyempora.

Kuna na redio. Timothy Besley na Robin Burgess walichunguza majimbo ya India na kuchapisha mwaka 2002. Waliona kwamba mahali magazeti yaliposomwa zaidi, serikali za majimbo ziliitikia haraka zaidi mavuno yalipoanguka na mafuriko yalipoharibu mimea, na magazeti yaliyoleta tofauti hasa yalikuwa ya lugha za wenyeji. Sisi tuna vituo vya FM vya lugha za mama karibu kila kaunti kame. Mtangazaji anayesoma hewani kwamba lokesheni fulani, yaani eneo la chifu, imepokea magunia kadhaa tarehe fulani anafanya kazi ambayo mkaguzi wa Nairobi hataiweza.

Kwa hiyo uchague nini

Kama duka lina bidhaa na daftari lipo tena ni la karibuni, chagua pesa, na kigezo cha kuilipa kiwe kipimo kilichowekwa mapema, badala ya tangazo la mtu. Usisitesite.

Kama mafuriko yamekata barabara au soko limekufa, chukua chakula kwa wiki za mwanzo, lakini kataa gari la mwanasiasa hata kama ni la bure. Changeni dizeli, ombeni lori la Msalaba Mwekundu, kodini la mfanyabiashara. Gharama hiyo ni ndogo kuliko deni la shukrani mtakalolilipa miaka mitano. Na atakayefika kuhutubia aambiwe kwa heshima kwamba magunia yatafunguliwa saa mbili asubuhi, awepo asiwepo.

Kama daftari halipo kabisa, gawieni kila nyumba sawa kwa sawa mpaka liandikwe. Tajiri wa kijiji atapata asichohitaji, na inauma. Lakini katika mwezi wa kwanza wa janga, hasara hiyo naiona nafuu kuliko kumpa mtu mmoja kalamu ya kuamua nani ale.

Kama uko ughaibuni na mmechanga kiasi cha kawaida, msijaribu kuhudumia wadi nzima. Chagueni kijiji kimoja au viwili, mtume pesa kwa kila nyumba, na mtu wenu asimame barazani kuyasoma majina.

Mwaka wa uchaguzi una hesabu yake. Kura ijayo ni Agosti 10, 2027, na miezi inayoitangulia ndiyo itakayoleta malori mengi kuliko wakati wowote. Kwa mwaka huo ningekubali hata mpango wenye kasoro mradi hauna mkono wa mtu wa kuongeza na kupunguza. Maombi ya kusahihisha daftari yaanze kupelekwa sasa kwa ofisi ya NDMA ya kaunti na kwa mwakilishi wenu wa wadi, kwa maandishi, mkiuliza liliandikwa mwaka gani, nyumba zilizoundwa tangu hapo ni ngapi, na baraza la kulisoma litaitishwa lini. Nakala moja mbaki nayo, ikiwa na muhuri wa ofisi iliyoipokea.